Maji ya Mama Yohana

Nilipokuwa mtoto pale Ngamiani, hata miti ilipigwa jicho la husuda, na mchungwa wa bibi yangu ulipigwa mchana kweupe, mimi nikiwapo.

Jirani yetu Mama Yohana, Mbondei wa Muheza, alisimama uani akautazama. "Lo! Mchungwa huu umebeba! Hata kwetu sijauona wa namna hii." Akaishia hapo. Bibi akangoja aseme "mashallah" la kukinga jicho, wapi! Mama wa watu alikuwa Mkristo, nani angemfundisha?

Wiki haikupita, majani yakawa meusi kama yamepakwa masizi ya sufuria. Yakanata, na sisimizi wakapanda na kushuka. "Jicho hilo," bibi akakata shauri. Sahani zikakoma kupita kati ya nyumba zetu. Nami, niliyekuwa nikisukwa na Mama Yohana, nikabaki na nywele timutimu na moyo umenijaa. Nilimpenda sana yule mama.

Dawa ilijulikana: mwenye jicho anawe, na kilichodhurika kimwagiwe maji hayo. Lakini utayaombaje bila kumwita mtu hasidi? Bibi akanituma mimi.

Nilimkuta akifua. "Shikamoo, mama. Bibi aomba maji uliyonawia."

Akaiacha nguo majini. Alikwisha kaa Ngamiani vya kutosha kujua maana yake. Nikaogopa.

"Majani yananata?" akauliza.

"Yananata."

Akatumbukiza mikono katika beseni la povu, akanawa hadi viwikoni, kisha akajitwika beseni lenyewe. "Twende. Nimenawa."

Uani akamgeuzia bibi jani. Chini yake wadudu vidukari walijazana, wadogo, wamegandana. "Hawa kwetu twawaosha kwa sabuni, bibi."

"Na jicho?"

"Na jicho tulioshe."

Wakaosha jani kwa jani kwa kitambaa, weusi ukatoka. Mwisho Mama Yohana akauinulia mti uso, akasema "mashallah" kama asemaye "amina" kanisani. Bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka. Jioni ile nilisukwa.

Mchungwa ulichipua. Bibi alikufa akiamini jicho ndilo lililooshwa. Mimi leo nina michungwa yangu, najua utamu unaotoka kwa vidukari ndio unaootesha ule ukungu mweusi, na sabuni ninayo. Ila kila nichovyapo kitambaa namkumbuka yule mama. Alikuwa na haki ya kukasirika na kutufungia mlango. Yeye akanawa.