Gunia la Mchanga Korongoni Ntahangwa

Mama mkubwa alipokimbia vita Kinama, alituletea binti yake akae kwetu, mtaa wa Bwiza, yeye mwenyewe akaenda kwa ndugu wengine. Binti huyo alinizidi miaka miwili. Mtoto wa mama mkubwa ni dada, kwa hiyo nilimwita dada, nikamgawia nusu ya mkeka na nusu ya shuka. Mengine aliyapata bila kuomba. Kikombe kikubwa cha chai kilikuwa changu tangu utotoni. Mama akaanza kumpa yeye kwa kuwa ni mgeni. Ikapita miezi sita, naye bado ni mgeni.

Alikuwa amefika sekondari. Mimi niliishia darasa la sita. Yeye alisema Kifaransa na kuchekesha watu. Mimi nikisalimiwa barabarani niliangalia viatu vyangu. Nilimzidi kitu kimoja tu, kamba. Baba alikuwa mfungaji wa mizigo ya malori, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyemshikia ncha na kupanda juu ya magunia. Nikifumba macho niliweza kufunga mzigo ukafika bila kulegea.

Mwaka huo huo watu wa huduma ya kwanza wakatafuta vijana wa kujitolea mtaani kwetu. Milimani juu ya mji watu walikuwa wakipigwa risasi, na wagonjwa na wazee walishushwa kwa machela za miti na mkeka, kwenye njia za utelezi. Wengine waliumia zaidi kwa kubebwa vibaya. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa makamo ambaye kabla ya vita aliongoza wageni kwenye milima ya Kongo. Tulimwita Shefu, yaani mkuu. Alitufundisha kwamba kichwa cha mgonjwa kielekee upande wa juu, mkipanda na mkishuka. Kiongozi ahesabu watu wake kila kona. Ikifika saa sita mchana na safari bado ndefu, mnageuka, hata kama kilele mnakiona, ili kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, isiwakute njiani, maana askari wa jioni hawaulizi mmembeba nani.

Tulikuwa kumi na wawili. Mwisho wa mafunzo angechagua mmoja wetu awe kiongozi wa kikosi cha Bwiza. Nilitaka niwe mimi. Sikumwambia mtu, lakini nilitaka hivyo kila asubuhi nilipoamka na kuona nywele za dada kwenye nusu yangu ya mto. Sauti sikuwa nayo, nilijua. Nilidhani kamba zitanisemea.

Dada alijiunga wiki moja baada yangu. Siku ya pili tayari Shefu alikuwa akimwambia, "Wewe, waeleze wenzako," naye anaeleza, anatia mzaha, watu wanaelewa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimefunga mafundo matano bila kosa, hakuna aliyetazama.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye korongo la mto Ntahangwa, upande wa juu kuelekea Kigobe, mahali ambapo ukingo ni mrefu kama nyumba mbili. Kazi ilikuwa kushusha machela kwa kamba. Juu yake tulifunga gunia la mchanga, nalo vijana walilibatiza jina la Bibi. Vijana wawili walisubiri chini kando ya maji ili wampokee. Mmoja alikuwa fundi wa gereji, mtu wa maneno mengi.

"Mumulete Bibi polepole!" alipiga kelele kutoka chini. "Bado sijamulipia mahari!"

Kamba ilifungwa kwenye mkaratusi. Dada alipewa kazi ya kufunga, mimi ya kukagua. Kwa Shefu kukagua kulikuwa na utaratibu wake. Unagusa fundo kwa mkono, unavuta, unaangalia kama mkia wa kamba umebaki shibiri moja, kisha unasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Nimeona." Mkono bila sauti alikataa kuuhesabu.

Niligusa. Lilikuwa fundo lenye umbo la nane, ambalo kamba huzungushwa mara mbili, na mara ya pili dada hakuifuata njia ya kamba mpaka mwisho. Mkia ulikuwa wa vidole viwili. Alikuwa amefunga huku akiongea na Shefu, tena kwa Kifaransa, na Shefu anacheka.

Ningeweza kusema, "Dada, rudia." Maneno mawili. Nilimwangalia alivyosimama, mkono kiunoni, tayari kama kiongozi. Nikasema moyoni kwamba ni mchanga tu. Utaanguka, watacheka, na Shefu atajua nani anajua kamba.

"Nimeona!" nikasema. Nilisema kwa nguvu hata nikashtuka mwenyewe.

Shefu aligeuka. "Ah! Leo umetoa sauti, mwanangu! Hivyo hivyo!"

Sifa hiyo niliingoja miezi miwili.

Machela ilivuka ukingo, ikashuka mita mbili au tatu. Nikaona mkia ukiingia ndani ya fundo. Ulitoweka taratibu, kama mjusi anavyoingia ukutani. Wale wawili wa chini sikuwa nimewafikiria. Naapa, mpaka wakati ule hawakuwamo katika hesabu yangu.

"Tokeni!" dada alipiga kelele. Mimi sauti ilikuwa imekwisha.

Gunia lilipasukia mtoni, lakini mti mmoja wa machela ulimpiga fundi wa gereji begani. Alikaa chini kwenye mawe, akashika bega, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikotutisha.

Dada alikuwa wa kwanza kuteremka, kwa kijia cha wachota mchanga. Nilipofika alikwisha kumuuliza kama vidole vinasikia, amemfunga mkono kifuani kwa kitambaa chake cha kichwani, na anamchekesha.

"Bibi alikusikia habari ya mahari," alimwambia. "Amekasirika, anataka ng'ombe mbili."

"Mwambie… mi ni wa gereji," alijibu kwa maumivu. "Nitamupa pikipiki."

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Tulimpandisha kama tulivyofundishwa, tukamkalisha ukingoni angoje gari. Shefu aliokota ncha ya kamba, akaitazama.

"Nani alifunga?"

"Mimi, Shefu," dada akasema. "Fundo ni yangu. Mudogo wangu nilimuharakisha, asiulizwe."

Hakuwa ameniharakisha. Nikamchukia tena, kwa sababu hata kosa alijua kulibeba vizuri, kichwa juu, mbele ya wote. Kama ningenyamaza, wangerudi Bwiza wakisema, mwoneni yule binti, ana moyo. Hilo nalo angelipata.

"Apana," nikasema. "Niliona mkia ni mfupi."

Shefu hakuelewa. "Uliona wakati gani?"

"Nilipogusa. Niliona, nikasema iko sawa."

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Fundi wa gereji aliniangalia, akasema, "Ee, we mutoto, na mi sikukukosea kitu." Ningependa anitukane.

Shefu alinitoa kwenye kamba mpaka mwisho wa mafunzo. Nilibeba maji na kukunja machela. Dada alichaguliwa kuwa kiongozi, na watu walimpigia makofi, nami nikapiga.

 Siku nne baadaye, nyumbani, dada alikuja uani nikiosha vyombo, ameshika kamba ya kuanikia nguo.

"Nifundishe lile fundo," akasema. "Juma lijalo tunapanda mlimani kushusha watu wa kweli. Sitaki mutu afe mukononi mwangu."

Nilitaka kusema sina nafasi. Nikafuta mikono, nikamwonyesha: nane ya kwanza, kisha unairudia njia ile ile, pole pole, mpaka mwisho, shibiri moja. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu alifunga sawasawa, nami nikavuta kwa uzito wangu wote nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Baba alinifundisha fundo lile kwa likizo nzima. Dada alilijua maji ya vyombo yakiwa bado hayajapoa.