Vipimo vya Mdomo

Fundi cherehani mmoja, ambaye majirani walimwita Mama Mwiko, alipenda kupika kuliko kushona. Mwishowe akaifunika cherehani yake, akaanza kuwapikia watu majumbani kwao, kila mmoja jinsi anavyotaka. Lakini ufundi haukumtoka. Kabla ya kuwasha jiko, lazima amchukue mteja vipimo vya mdomo: nani hali kitunguu, nani pilipili humpa kwikwi, na yule mwalimu mstaafu asiyetaka mchuzi uguse wali wake. Yote aliyaandika kwenye daftari.

Mumewe alikula kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa bilinganya.

Asubuhi moja Mama Mwiko akafungua daftari, akakuta ukurasa mpya wenye mwandiko anaoujua. "Mteja: mume wako. Asichokula: bilinganya. Tangu lini: tangu kabla ya harusi."

Akamfuata sebuleni, mikono kiunoni. "Baba watoto, miaka kumi na minane unakula mpaka unalamba sahani. Kwa nini hukusema?"

Mumewe akakunja gazeti taratibu. "Wenzangu wote umewapima," alisema. "Mimi umenishonea kwa kukisia tu."