Nilimwita Mwizi, Kumbe Ni Ringi

Nakumbuka siku niliyomwita Baba Paulo mwizi, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka huinamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa mama kijana bado, mwenye mtoto mmoja, Rehema, na pikapu kuukuu ya kubebea mahindi kutoka Mutuka. Kila jioni niliiegesha uani kwa Baba Paulo, fundi wa magari wa pale Nakwa, mtu mpole aliyetoka Mbulu. Basi nikawa najaza oili ya injini Jumatatu, Ijumaa nikipima imeshuka nusu. Chini ya gari hakuna hata tone. Nikajiuliza, kama haivuji, inakwenda wapi? Nikajijibu mwenyewe, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilidhani anainyonya usiku na kuwawekea wateja wake.

Asubuhi moja nilimwambia hivyo mbele ya watu wote waliokuja kutengeneza magari. Akaniomba niwashe gari, nikanyage mafuta, tuangalie moshi. Nilikataa. Nilisema asinifanye mjinga, nikaondoka na pikapu yangu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu siku hizo haukuwa hata na breki.

Fundi mwingine wa mjini ndiye aliyeniwashia. Moshi wa buluu ukatoka nyuma, mzito, unanuka oili. Alinieleza kuwa ringi za pistoni, zile pete zinazozuia oili isipande panapoungua petroli, zimelika na sili za valvu zimekakamaa kwa uzee, kwa hiyo oili inapenya na kuungua pamoja na petroli. Nilikuwa nikiichoma mwenyewe, njia nzima.

Nilikwenda kwa Baba Paulo kupitia mlango wa nyuma, nisionekane. Wateja walikuwa wamepungua, uani palikuwa na gari moja tu. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mimi nimekusamehe, Mama Rehema,” alisema. “Lakini wale uliowaambia, nani atawaambia?”

Nikaahidi kurudi Jumamosi niseme mbele yao. Jumamosi nikasingizia mnada. Iliyofuata nikasingizia mvua. Kusema kweli niliona aibu. Nilipojikaza kwenda, lango lilikuwa na kufuli. Jirani akasema amerudi kwao kulima, maana hapa hakuna aliyemwamini tena na gari lake.

Majuto ni mjukuu, nami nimezeeka naye.

Kwa hiyo, mwanangu, gari kuukuu likila oili na chini pakavu, tazama moshi kabla ya kutazama watu. Pima oili kila wiki, mpe fundi nafasi akuonyeshe. Na ukimchafua mtu hadharani, kamsafishe hadharani siku hiyohiyo. Mungu akupe ulimi mzito wa kushtaki, na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi wakati mwenyewe bado yupo.