Hamali wa Kamera Yangu

Kwa miaka yote niliyopiga picha za harusi, sikubeba kamera yangu njiani. Aliyeibeba ni mume wangu.

Huku kwetu Pemba shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Wakishaingia ndani wanavua mabuibui, wanafunua nywele, wanacheza, na bibi harusi anakaa kati na hina yake mpaka viwikoni. Mpiga picha mwanamume hapiti mlango ule, hata awe fundi namna gani. Ndiyo maana mie nikapata kazi. Skuli niliishia kidato cha pili, kisha nikajifunza kamera kwa mama mmoja aliyekuwa na studio Wete. Nilipoolewa Mtambile nikaja na ujuzi huo tu. Kamera sikuwa nayo. Mume wangu, ambaye alikuwa mkulima wa muhogo na mchumaji wa karafuu, alininunulia msimu mmoja karafuu zilipozaa vizuri.

Begi lililokuja na kamera lilikuwa la mkanda mmoja, zito hata likiwa tupu. Yeye alilitundika kwenye bega lile lile alilozoea kubebea polo, lile gunia la karafuu. Tulitoka asubuhi, tukashuka garini, tukaingia vijijini kwa miguu, yeye mbele mie nyuma. Tukifika nyumba ya harusi alisimama mlangoni, akageuza uso upande wa pili, akanyoosha mkono wenye begi. Mie nikapokea, nikaingia. Yeye akaenda kukaa na wanaume mpaka nitoke.

Walimtania sana.

"Hamali wa mkewe huyo kafika!"

"Nyie wake zenu wanabeba kuni," aliwajibu. "Nyie mmebeba nini?"

Jambo moja nataka lieleweke. Hakuona picha hata moja. Nilizichagua chumbani kwetu, mlango nimeufunga, na yeye alikwishazoea kupiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. "Hiyo amana ya watu," alisema, na akingoja nje mpaka nizime kompyuta. Alibeba picha za mabibi harusi wengi kuliko mwanamume yeyote ninayemjua, na hakuona hata ukucha. Najivunia hilo kuliko picha zenyewe.

Aliugua kwa muda mfupi, akafariki, Mungu amrehemu. Nikakaa eda, na kamera ikakaa kabatini.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, si mtu mbaya. Eda ilipokaribia kwisha alikuja, akakaa nje ya pazia, akakohoa kwanza.

"Shemeji, kuna mtu mjini Chake anaitaka ile kamera. Nasema kwa kukuonea huruma. Nani atakubebea sasa?"

"Nipe muda," nikamwambia.

Bega langu la kushoto ni bovu tangu nilipoanguka kisimani na ndoo ya maji, na shemeji analijua hilo. Bila ya kamera ningekula. Ndugu wapo, na shamba lipo. Lakini ningekuwa mjane anayelishwa, na ile kazi tuliyoifanya wawili ingekwisha kama haikuwahi kuwapo.

Haukupita muda akanipigia simu mama mmoja wa Tumbe. "Binti yangu mkubwa ulimpiga weye, na huyu wa mwisho nakutaka weye. Simu za watu sizitaki ndani. Eda yako itakuwa imekwisha, nimeshauliza." Nikakubali kabla sijafikiri. Kukata simu tu, nikaenda kabatini, nikalitundika lile begi bega la kulia, nikatembea uani. Kabla sijafika kwenye mti wa mshokishoki shingo ilikuwa imeshaanza kuvuta.

Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa akikaa nami siku zile, alinitazama akisonga ugali.

"Tia kichwani," akasema. "Mbona maji tunabeba, na mapakacha ya karafuu?"

Nikafunga kata ya kanga, nikaweka begi kichwani. Lilitulia vizuri sana. Nikazunguka ua mzima, mgongo umenyooka, mikono imening'inia.

"Na ukipiga chafya?" akauliza dada mwenyewe. Tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na mie nikalishusha taratibu kwa mikono yote miwili.

Eda ilipokwisha nilikwenda maduka ya Mtambile nikanunua mkoba wa mgongoni, wa aina ile ya wanafunzi. Nikarudi nao nyumbani, nikatia kamera, lenzi, taa, betri na chupa ya maji, nikauvaa juu ya dera, nikazunguka majamvi ya kuanikia karafuu uani mpaka dada akachoka kunitazama. Ulinikaa. Nikaona kazi imekwisha.

Kesho yake nikatoka nao barabarani, na hapo nilikuwa nimevaa buibui. Kosa langu lilikuwa hapo. Dera langu ni la pamba, linashika. Buibui linateleza. Mikanda ikashuka kidogo kidogo mpaka viwikoni, mkoba ukawa unanigonga makalio, na ukishuka unavuta mtandio kwa nyuma. Nikashika mtandio kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono wa pili, na bado nywele zikatoka. Mwenye baiskeli ya samaki aliyekuwa akija mbele yangu akatazama pembeni kwa heshima. Ingekuwa nafuu kama angecheka. Nikarudi nyumbani nimeinama.

"Begi halijaribiwi kwa nguo za jikoni," akasema dada. "Twende Wete. Na uvae kama unakwenda harusini."

Tukaenda. Nilivaa buibui, mtandio mrefu unaoshuka chini ya kiuno, na viatu nivaavyo safarini. Lile begi la zamani tulilibeba dada na mie kwa zamu, na ndani yake kila kitu kimo. Muuza mabegi alikuwa kijana mwenye kofia, ana mapya na ya mitumba, yamening'inia mpaka nje.

"Bi mkubwa, unahama?" akaniuliza alipoona naanza kutoa vitu na kuvitia katika begi lake.

"Najaribu."

"Wateja wengine wanajaribu tupu."

"Mie sitembei na begi tupu."

La kwanza lilikuwa refu, linanigonga nyongani kila nikipiga hatua. La pili lilikuwa laini na zuri, lakini zipu yake iko kwa nje. Yeyote anayetembea nyuma yangu angeweza kulifungua nisijue. La tatu lilikuwa la kijivu, la mtumba. Mikanda yake ilikuwa mipana, chini yake kuna kitambaa cha kukwaruza kama wavu, na kile kitambaa kililishika buibui lisiteleze. Mlango wake uko upande wa mgongo, hivyo likivaliwa halifunguki. Ukiliweka chini linasimama lenyewe. Lilikuwa na mkanda wa kiunoni, na nilipoufunga nilihisi uzito wote umeteremka ukakaa nyongani, bega la kushoto likabaki kama halihusiki.

Kulikuwa na mkanda mwingine mwembamba, wa kifuani, wa kuzuia mikanda ya mabega isiachane. Dada alipouona akaushika kwa vidole viwili.

"Huu kata. Utaonekana umefungwa matandiko kama punda wa chokaa. Na kifua chote nje!"

Muuza mabegi akageuka, akaanza kupangusa rafu ambayo haikuwa na vumbi.

Niliuhitaji mkanda ule. Bila yake mikanda ya mabega ingeniendea pembeni. Nikafikiri kidogo. Nikaunyanyua mtandio kwa mbele, nikaufunga ule wa kifuani na ule wa kiunoni, kisha nikaushusha mtandio juu yake. Kwa nyuma nikaupandisha ukakaa juu ya mikanda, usivutwe na begi.

"Haya, zunguka," akasema dada. Nikazunguka. "Zunguka tena. Inama."

"Kunaonekana kitu?"

"Naona nundu tu mgongoni."

"Nundu hiyo ndiyo kazi yangu."

Nikamwambia muuza mabegi nataka kwenda nalo mpaka sokoni na kurudi, na dada nitamwacha pale awe rehani.

"Na usiporudi, huyu nimuuze bei gani?"

"Huna pesa za kuniweza mie," akasema dada, na akakaa juu ya kiti chake.

Nilishuka mpaka sokoni, nikapita penye watu wengi, nikapanda tena kwa haraka makusudi ili nitoke jasho. Begi halikusogea. Mtandio haukusogea. Niliporudi nilimwonesha yule kijana kuwa zipu ya mfuko mdogo inakwama, akapunguza bei. Sikumwambia kuwa ningelinunua hata bila ya kupunguziwa. Hakuniuliza.

Siku ya harusi niliondoka Mtambile peke yangu. Dada alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilishuka barabarani Tumbe jua limeshapanda, nikashika njia ya ndani, katikati ya nyumba ambazo mbele yake wameanika dagaa. Sitosema begi lilikuwa jepesi. Lakini nilikwenda nimenyooka, mikono yangu yote miwili iko huru, na nilijua kila kitu changu kiko wapi. Nilikuwa na majivuno, na sikujizuia.

Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanangoja pilau. Mzee mmoja aliyekuwa hodari wa kumtania mume wangu tangu ile harusi ya binti mkubwa akaniona kwa mbali.

"Hee, mpiga picha! Hamali wako leo kakukimbia?"

Wenzake wakacheka. Nikasimama.

"Shikamoo mzee. Kafariki. Leo hamali mie mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Mzee akatamka inna lillahi, akavua kofia, akairudisha kichwani, hajui pa kuweka mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Sikupata habari." Akainuka. "Lete basi. Nikubebee mpaka mlangoni."

Kwa kweli bega lilikuwa limeshaanza kuniuma kidogo, kwa hiyo nisingeweza kusema haliniumi.

"Ahsante, mzee. Naliweza."

"Yule bwana alikuwa anatushinda kwa maneno," akasema nilipokuwa napita. Wenzake wakaitika kwamba ni kweli.

Mlangoni nikasimama. Nilisimama mahali pale pale niliposimama siku zote, nimegeuka nusu, mkono nimeuacha nje kidogo, kama wa kupokea. Ilikuwa ni mazoea tu ya mwili. Mwanamke mmoja akachungulia pembeni ya pazia.

"Pita, bi. Mbona umesimama? Bibi harusi anakungoja weye."

Nikaurudisha mkono, nikaufungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani, nikalizungusha begi mbele, nikaingia nalo.

Nilipiga kazi mpaka alasiri. Mama wa bibi harusi alilia kwa furaha, kisha akanikatalia kupiga picha hiyo, kisha akaniomba nimpige. Nilikula pilau ambayo sikuweza kuimaliza. Nikarudi Mtambile kwa njia ile ile.

Asubuhi yake nilikuwa chumbani nachagua picha, mlango nimeufunga kama kawaida, niliposikia hodi. Nusura nimwambie mume wangu angoje nizime. Kisha nikasikia kikohozi, nikajua ni shemeji. Nikazima kompyuta, nikatoka. Dada alikuwa uani anageuza karafuu kwenye majamvi.

"Shemeji, yule wa Chake ananiuliza," akasema shemeji. "Nimjibu nini?"

"Mwambie kamera imepata wa kuibeba."

Akalitazama begi la kijivu lililokuwa limesimama lenyewe kwenye kizingiti, akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Zito hili!"

"Zito. Livae uone."

Akaona haya mbele ya dada, lakini akalivaa. Nikamwelekeza mkanda wa kiunoni unavyofungwa. Akatembea mpaka mwisho wa majamvi, akageuka, akarudi pole pole, bega moja alilishusha kidogo kama alivyokuwa akilishusha kaka yake.

"Kumbe," akasema.

Akalivua, akaliweka pale pale kizingitini, akahakikisha limesimama. Habari za Chake hakunitajia tena.