Somo la Habari Mbaya

Chuoni kulikuwa na somo ambalo hakuna aliyeliheshimu. Anatomia ilitutoa jasho, somo la dawa lilitukosesha usingizi, lakini hili la mwenendo wa daktari, namna ya kuzungumza na mgonjwa na kuwaambia ndugu kwamba mtu wao amefariki, tulilifanya kipindi cha kupumzikia. Eti tufundishwe huruma! Mimi niliona ni kudharauliana tu. Nimezaliwa Izia, Sumbawanga, nimelelewa na Wafipa wanaojua kumpa mtu pole.

Kutoa habari mbaya kulikuwa na hatua zake, na kila hatua ina maksi. Tafuta chumba chenye utulivu. Zima simu mbele ya mhusika. Vuta kiti ukae, macho yenu yalingane. Muulize ameelezwa nini mpaka sasa, wala usimkatize. Mwonye kwamba habari si nzuri. Sema. Kisha nyamaza.

Kaka mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo. Kwenye mazoezi yeye alikuwa daktari, mimi binti aliyefiwa na baba. "Huruma ni kama Kiingereza cha mtihani," aliniambia, "unakariri tu." Nikalia machozi ya uongo mpaka darasa zima likavunjika mbavu, wakaniomba mimi mtu wa Sumbawanga, mji unaosifika kwa uchawi, nisije nikawatumia radi. Nilipomsimulia shangazi, dada yake baba, hakucheka. Alisema mdomo huumba, niache kumfisha kaka yake kwa mchezo. Nikamwona mshamba.

Mwaka uliofuata nilikuwa likizo nyumbani baba alipoanguka shambani wakati wa kuvuna, upande mmoja wa mwili ukaisha nguvu. Tukamkimbiza hospitali mjini. Kesho yake asubuhi mimi na shangazi tulikaa nje tumeegemea ukuta, upepo wa kiangazi ukituchapa na vumbi. Nesi akaja akaniita mimi peke yangu. Nilimfuata na matumaini yangu, kwa sababu jana yake baba alikuwa amenibana kidole kwa ule mkono mzima.

Aliniacha kwenye kichumba chenye viti viwili na pazia. Mlango ukafunguka, akaingia yule kaka wa chuoni, amevaa koti jeupe. Nilisikia tu kwamba yuko mikoani kwa mafunzo ya vitendo, sikujua kama ni hapa kwetu. Nikataka kumsalimia, hakunipa nafasi. Alinitazama kama hajawahi kuniona, akatoa simu mfukoni, akaizima mbele yangu. Kisha akavuta kiti.

Nilijua. Mungu wangu, nilijua, na yeye hata neno hajasema. Nikajishikiza kwenye wazo moja la kijinga, kwamba habari haijatamkwa, kwa hiyo baba bado yupo. "Umeelezwa nini mpaka sasa kuhusu hali ya mzee?" akauliza, kwa sauti ileile ya darasani, kichwa kikiinamia upande uleule.

Nikaanza kueleza. Nikamweleza uji aliokunywa baba kabla ya kwenda shambani, nikamweleza mahindi, magunia, jirani aliyetupa gari, hata mvua ya mwaka ule sikuiacha. Nilijua haruhusiwi kunikatiza. Maadamu nasema, tuko kwenye hatua ya kuuliza, na kwenye hatua hiyo hakuna aliyekufa. Alinisubiri bila kupepesa macho. Pazia lilitikisika nyuma yake, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nikagundua sote wawili tumegeuka kulitazama, kana kwamba msahihishaji amekaa huko na kalamu yake.

Maneno yakaniishia.

"Samahani, habari niliyo nayo si nzuri," akasema. Kisha akaisema yenyewe, akanyamaza, kimya cha urefu uleule wa mazoezini. Nikasikia mdomo wangu ukimjibu kama tulivyozoea, "Asante, daktari, nimeelewa." Chozi halikuja hata moja. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka, na hilo halikuwamo kwenye hatua zozote.

Nje, shangazi alikuwa amejifunika kitenge kichwani. Niliburuta ndoo iliyokuwa pale, nikaigeuza, nikakaa mbele yake mpaka macho yetu yakalingana. Nikasikia sauti ikimwuliza ameelezwa nini mpaka sasa. Ilitoka kinywani mwangu, lakini ilikuwa ya yule kaka, pamoja na vituo vyake vyote. Niliogopa sana, na bado sikuweza kuizuia.

Shangazi alinishika kidevu, akanichungulia machoni kwa muda.

"Anayesema humo ndani ni nani?" akauliza. "Niambie kwa Kifipa."

Kwa Kifipa hakuna aliyenifundisha hatua. Nilifungua kinywa, yakatoka maneno machache tu, na hapo ndipo baba yangu alipokufa.