Mama Alivyokufa ili Kesi Iahirishwe

Siku mama yangu alipotangazwa marehemu, alikuwa nje ya mahakama, kwenye benchi, anakunywa chai niliyomnunulia mimi mwenyewe.

Msicheke. Someni kwanza.

Mimi ni msusi. Naishi kwa vidole na mdomo, na kesi hii ilinimaliza vyote viwili. Niliyekuwa nashtakiana naye ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa nyumbani. Tulimwita Bosi tangu anavaa kaptula, maana hata kiti cha kukalia alikuwa anatutuma sisi.

Baba alipofariki, Bosi akaibuka na habari mpya. Eti mzee kabla hajakata roho alimwambia nyumba ni yake. Nyumba ileile tunayokaa mimi na mama, na mtu wa kuinunua alikuwa ameshampata.

Chumbani siku ile walikuwa baba, Bosi na mama, basi. Baba tumeshamzika. Aliyebaki wa kusema ukweli ni mama, na mama alikuwa ameniambia mara kibao kwamba mzee hakutamka neno la nyumba. Aliomba maji, akageukia ukutani.

Kwa hiyo nilienda mahakamani na shahidi mmoja tu. Nikajiambia ananitosha.

Siku ya ushahidi nilifunga saluni nikamsindikiza. Njia nzima alikuwa kimya, nikadhani ni woga. Mashahidi wanasubiri nje mpaka waitwe, hivyo nikamkalisha kwenye benchi na chai yake, nikaingia.

Kesi ikatajwa. Wakili wa Bosi akasimama, akashusha sauti.

"Mheshimiwa, tunaomba shauri liahirishwe. Mteja wangu amefiwa na mama yake mzazi usiku wa kuamkia leo."

Nikamwangalia Bosi. Kainamisha kichwa, leso usoni. Mtu huyu hata msiba wa baba hakutoa chozi.

Hakimu akampa pole. Halafu akanigeukia, akaniuliza taratibu kama huyo marehemu si ndiye mama yangu pia, tena ndiye shahidi wangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "marehemu yuko hapo nje anakunywa chai."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Akamtuma karani akamlete huyo mnywa chai, na akasema kama kuna mtu amemdanganya, leo hatalala nyumbani kwake.

Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikajua leo Bosi kapatikana.

Mama akaingia, mkoba kwapani. Akamwona mwanawe wa kwanza kainama pale mbele, na askari ameshasogea nyuma yake. Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa hawa wawili.

"Mimi ni jirani yao," mama akasema. "Huyu binti nimemsindikiza tu. Mama yao alikuwa mtu mzuri."

Nikapayuka kwamba huyu ndiye aliyenizaa, mtazameni pua, ni hii hii yangu. Mama akaulizwa kitambulisho, akasema hakubeba. Hakimu akaniambia anaelewa msiba unaweza kumchanganya mtu, lakini nikiendelea ataniweka ndani.

Kesi ikaahirishwa.

Tulitoka, tukavuka barabara. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu huku anatazama viatu vyake.

"Alinipigia simu jana, akaniomba ruhusa aseme hivyo. Wakili wake hajajiandaa, anataka tarehe nyingine tu."

"Na wewe ukakubali kufa?"

"Kwa leo tu, mwanangu. Kasema ni kwa leo tu."

"Mama, mahakamani mtu hafi kwa leo tu."

Akasimama palepale kando ya barabara. Nadhani hilo hakulifikiria. Bosi alikuwa amelifikiria vizuri sana.

Maana tarehe iliyofuata niliulizwa kama nina shahidi mwingine, na sikuwa naye. Mama nilikuwa nimeshampigia magoti. Akaniambia akirudi pale na kusema yeye ndiye mama, mwanawe anaenda jela.

"Wewe ukikosa nyumba utapanga," akasema. "Yeye akifungwa atakufa."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotupima. Nilimchukia siku ile, na sioni aibu kulisema hapa.

Nyumba ikaenda. Sasa tunakaa chumba kimoja nyuma ya saluni, mimi na marehemu.

Mnadhani imeishia hapo? Mwezi uliopita binti wa Bosi kaolewa. Binti huyo mama ndiye aliyemlea, kambeba mgongoni wakati wazazi wake wanahangaika na maisha. Mama akashonesha gauni. Nikamsuka kuliko ninavyomsuka mteja yeyote. Tukasubiri kadi mpaka nikachoka, nikampigia Bosi.

"Wakili wangu nimemwalika," akasema. "Karani naye, na wengine wa palepale mahakamani. Mama akionekana, nimekwisha. We mwambie chochote."

Sikumwambia chochote, nilishindwa. Siku ya harusi mama alivaa tangu asubuhi, akakaa mlangoni, mkoba mapajani, anasubiri gari la kuja kumchukua. Wateja wanaingia wanatoka, wanamsifia gauni. Jua likazama bado amekaa.

"Labda wameahirisha," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, wameahirisha.

Sasa wewe unayesoma, kama una kesi na ndugu yako wa tumbo moja, usimfanye mama kuwa shahidi. Tafuta mtu yeyote aliyepita karibu, hata kama anajua nusu. Mama ukimsimamisha pale haoni kesi, anaona watoto, na atamwokoa yule anayekaribia kuzama. Wewe unayejua kuogelea utajijua mwenyewe.

Juzi mama kaniuliza kama wameshapanga tarehe nyingine ya harusi.