Boti Iliyotunyang'anya Hita

Mume wangu Mushagalusa si mtu wa makuu. Siku tano za wiki anapanga maboksi kwenye ghala hapa South End, Louisville, Jumapili anaimba besi kanisani, na viatu anavivua mlangoni bila kukumbushwa. Ana wazimu mmoja tu, nao ni boti. Majira mawili ya baridi alikuwa akichonga mbao katika gereji yetu. Baridi ya mwaka 2015 ilipozidi, aliingia chumbani, akachomoa hita ya umeme na kuipelekea boti yake isije ikaumia. Mimi nililala na mablanketi matatu na hasira zangu.

Nilimvumilia kwa sababu nilijua boti ile anamuundia nani. Alipokuwa kijana kule Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, baba yake alikufa, na fundi wa boti aitwaye Mzee Bulonza akamchukua. Alimlisha, akamvika, akamfundisha kazi miaka mitatu kama mtoto wake wa kumzaa. Mwaka 1996 walikuwa wamemaliza boti moja nzuri, imebaki kuishusha majini tu, asubuhi ile bunduki zilipolia na kila mmoja akakimbia na njia yake. Kwao mwanafunzi haitwi fundi mpaka mwalimu akae ndani ya boti aliyoiunda mwanafunzi mwenyewe, boti ikiwa majini. Boti ya Mushagalusa haikuwahi kukaliwa. Yeye alifika Uganda, mzee akapotelea kwingine, na ilipita miaka kumi na saba ndipo wakapatana kwa simu. Mzee alikuwa nchi hii hii, Buffalo, mji wa kando ya ziwa huko kaskazini, mtaa wa Lower West Side, kwa binti yake Gentille, ana miaka sabini na minane na moyo unamsumbua.

"Nataka akale mu boti yangu mbele moyo yake ichoke," mume wangu aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani mzee akae botini kabla moyo wake haujachoka. "Nimuambie aksanti mu macho, hapana mu telefone."

Basi wiki ya mwisho ya Machi miti ya mtaani kwetu ikachanua maua meupe. Mushagalusa akayaona, akatangaza kwamba baridi imekwisha. Ijumaa alfajiri tulimwacha binti yetu kwa jirani, tukaifunga boti juu ya trela na kuondoka. Kila baada ya saa moja alisimamisha pikapu ashuke kuzishika kamba. Nilimuuliza kama hata mimi aliwahi kunishika hivyo. Alicheka, akaikaza kamba nyingine.

Columbus tulimchukua Gaudiosi, Mrundi mwenzangu niliyekulia naye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Naye anapenda boti, ingawa hana boti. Alikuja na makasia mawili na majaketi manne ya kujiokolea majini, la kwake akiwa amelivaa tayari. Hakulivua mpaka Buffalo. Kwenye vituo vya mafuta watu walimtazama, naye akawapungia mkono. Njiani kuelekea kaskazini maua yalikwisha, kisha theluji chafu ikaanza kuonekana pembeni mwa barabara. Niliwaonyesha. Wakaniambia hayo ni mabaki tu.

Jumamosi asubuhi tulimvalisha Mzee Bulonza makoti mawili, tukampakia na kwenda ziwani. Sijui niseme nini kuhusu ziwa lile. Lilikuwa jeupe. Lilikuwa barafu tupu kutoka pale tuliposimama mpaka macho yanapoishia. Bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake alitutazama sisi, akaitazama boti, akamtazama Gaudiosi na jaketi lake, kisha akatushauri kwa upole turudi mwezi wa tano. Mushagalusa alishikilia usukani na kuinamisha kichwa. Tulikuwa tumesafiri siku nzima, tena na mgonjwa wa moyo ndani ya gari. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema kuhusu maua meupe, nikayameza. Mzee yeye alicheka mpaka Gentille akamwomba apumzike.

Tuliporudi nyumbani mzee hakutaka kuingia ndani. Aliizunguka boti polepole, akipitisha vidole kwenye viungo vya mbao. Kisha akaomba ndoo moja ya maji, akamwambia Gaudiosi aimwage ndani ya boti.

Maji hayakukaa hata dakika. Yalitoka mbele, yalitoka nyuma, yalitoka ubavuni kote, yakatiririka chini ya trela mpaka kwenye viatu vyetu. Mushagalusa aligeuka rangi.

"Mutoto wangu," mzee aliuliza, "boti ililalaka wapi baridi yote?"

Mume wangu akaeleza habari ya gereji. Nami sikuweza kujizuia, nikaongeza habari ya hita. Mzee akatikisa kichwa. Mbao zimekauka, alisema, zimesinyaa, kila kiungo kimeachama. Leo ziwa lingekuwa wazi, boti ingefika maji ya shingo ndipo izame, na yeye hana tena miguu ya kuogelea. Ilikuwa huruma ya Mungu kuliacha ziwa ligande. Gaudiosi aliposikia hayo akaikaza mikanda ya jaketi lake.

Mume wangu alikaa kwenye ngazi za nyumba na kuziba uso kwa mikono. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, hajaruka hata kimoja.

"Haukuruka," mzee alisema. "Siku tulikimbiaka, kulibakia somo moya. Mbele ya kushuka, boti inakunywaka maji. Bon, simama. Lete ndoo."

Hivyo ndivyo Jumamosi yetu ilivyokwenda. Mzee aliketi kwenye kiti cha plastiki na makoti yake mawili, akaamuru. Gentille alitoa mablanketi ya zamani, tukayalowesha jikoni, tukayatandika ndani ya boti tukiyabana kwenye viungo ili mbao zivimbe na kujiziba, yakianza kukauka tunayamwagia tena. Jioni tuliisukuma trela ndani ya gereji ya Gentille ili maji yasigande. Hakuna aliyethubutu kutaja hita. Mushagalusa alikuwa akiuliza maswali kama mwanafunzi, kwa nini huku na si kule, mpaka lini, nitajuaje, na mzee hakuchoka kujibu. Sijawahi kumwona mume wangu akiwa mdogo namna ile, na nilimpenda.

Jumapili baada ya ibada tuliyatoa mablanketi. Mushagalusa alimwaga ndoo ya maji kwa mkono wake mwenyewe, sote tukachutama kutazama chini. Tone moja lilitoka nyuma, likafuatwa na jingine. Tukangoja. Halikuja la tatu.

Mzee alimpa Gaudiosi fimbo yake, akavua viatu, akaomba ashikwe mkono. Akapanda, akakaa katikati ya boti, gerejini, na maji yakimfika vifundoni.

"Boti iko na maji," alisema. "Na miye niko ndani. Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, "wewe ni fundi."

Mushagalusa alianza kutoa ile aksanti aliyoibeba tangu Kalehe. Mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nyamaza. Miye njo nasema aksanti. Lile somo nilikuwa nawaza nitazikwa nalo. Umekuya kulikamata."

Tulirudi bila boti, kwa kuwa mzee alisema ataiangalia mwenyewe na kuinywesha kila asubuhi hadi mwezi wa tano tutakaporejea. Gentille alinipigia tukiwa barabarani kuniambia kwamba baba yake amekula chakula chote na ameshaulizia ndoo. Trela tupu ilipiga kelele nyuma yetu njia nzima. Nilimshukuru Mungu kwa barafu, nikamshukuru hata kwa baridi niliyolala nayo. Usiku tulipofika, Mushagalusa alikwenda gerejini kabla ya kuvua viatu, akarudi na hita mikononi, akaichomeka upande wangu wa kitanda.